Maswali ya Wasomaji: Rafu Tupu, Depo Iliyojaa

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimeandikwa na watu wanaofanya kazi nyuma ya maduka ya Lubumbashi: wanaoagiza bidhaa, wanaozipokea kwenye depo, wanaofuatilia malori yaliyokwama njiani, na wanaoitwa kujieleza mnunuzi asipokuta sukari. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu jambo inalouliza ndilo shina la kazi yote ya meneja wa mnyororo wa ugavi.

Swali

Jambo Mama. Nilikuwa mtunza depo kwa muda mrefu, na mwaka huu mwenye duka amenikabidhi ugavi wa maduka yetu matatu, mawili yakiwa katikati ya mji na moja Kampemba. Kila Jumatatu, katika mkutano, ananiuliza maswali mawili yanayopingana: kwa nini rafu ya mafuta ya kupikia iko tupu, na kwa nini depo imejaa mali isiyotoka. Nikiagiza zaidi, analalamika kwamba nimezifunga fedha zake. Nikiagiza kidogo, analalamika kwamba nimewafukuza wanunuzi. Je, iko hesabu ya kunisaidia, au kazi hii ni bahati tu?

Msomaji, Kampemba

Jibu

Mwanangu, hesabu iko, na mtu aliyetunza depo kama wewe hatashindwa nayo. Lakini kwanza tuitazame njia, kwa sababu hesabu isiyoijua njia yetu itakudanganya.

Shehena inayotoka Durban huvuka Beitbridge, ikapita Zimbabwe, ikaingia Zambia kwa Chirundu, ikapanda hadi Lusaka na miji ya Copperbelt, ndipo ikafika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mahali ambapo si zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini kwetu. Mwenye kutaka kuikwepa Zimbabwe hupitia Botswana na daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021. Bidhaa nyingi za Asia hushushwa Dar es Salaam, zikaja kwa Tunduma na Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Samaki wa kugandishwa kutoka Namibia huanzia Walvis Bay. Njia ni nyingi, lakini zote hizo hupita Zambia kabla ya kufika kwetu, na nyingi zinaishia kwenye foleni ileile ya malori.

Watu huulalamikia urefu wa njia hizo. Mimi naona urefu si tatizo kubwa. Njia inayochukua siku 20 kila mara, bila kupungua wala kuzidi, ni rahisi kuisimamia: unaagiza siku 20 kabla ya mali kwisha, kisha unalala usingizi. Kinachozimeza fedha za mwenye duka ni kutotabirika. Lori moja linafika baada ya siku 14, la pili baada ya siku 20, la tatu baada ya siku 31, na hakuna anayeweza kukuambia la nne litafuata mfano upi.

Sasa hesabu. Tuseme maduka yenu matatu yanauza kwa pamoja katoni 40 za mafuta kwa siku, na mauzo hayo hupanda na kushuka kwa mtawanyiko wa katoni 10 hivi. Tuseme pia kwamba tangu kuagiza hadi kupokea ni siku 20 kwa wastani, na mtawanyiko wa muda huo ni siku 6. Namba hizi nimezibuni kwa ajili ya mfano. Zako utazitoa kwenye daftari lako. Kipimo cha mtawanyiko ninachokisema ni kile ambacho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu, na jedwali lolote la Excel hukikokotoa mara moja ukiliandikia tarehe na idadi.

Mameneja wengi wanaoanza kazi huhesabu akiba ya tahadhari kwa kuyaangalia mauzo peke yake. Wanachukua 10 mara 10, wanazidisha kwa siku 20, wanapata 2,000. Kipeuo chake cha pili ni kama 45. Wanazidisha kwa 1.65, ambacho ndicho kizidishi cha kawaida kwa anayetaka bidhaa isikosekane katika mizunguko 95 kati ya 100 ya kuagiza. Jibu ni katoni 74. Wanaziweka katoni 74 za tahadhari, kisha wanashangaa rafu inapobaki tupu.

Iongeze njia katika hesabu hiyohiyo. Chukua mauzo ya siku, 40 mara 40, zidisha kwa mtawanyiko wa muda, 6 mara 6. Unapata 57,600. Ukiijumlisha na ile 2,000 ya mauzo, jumla ni 59,600. Kipeuo chake cha pili ni 244, na mara 1.65 ni katoni 403. Ziangalie vizuri namba hizi mbili, 2,000 na 57,600. Wanunuzi wako wamechangia sehemu ndogo sana ya mashaka yako. Karibu yote yametoka barabarani na mpakani. Kwa hiyo kiwango chako cha kuagiza tena, idadi ambayo mali ikishuka hadi hapo unaagiza, si 874, yaani siku 20 mara 40 pamoja na zile 74, bali ni 1,203.

Katika kiwango hicho cha 1,203 uhesabu mali iliyo depo pamoja na mali iliyo njiani. Naandika hivyo kwa mkazo kwa sababu naamini hapa ndipo maswali mawili ya bosi wako yanapokutana. Rafu ikiwa tupu, mtu mwenye hofu huagiza lori la pili ilhali la kwanza bado liko Chingola. Yote mawili hufika katika wiki moja. Mafuta yanajaa hadi mlangoni, fedha zinakwisha, na agizo la sukari linacheleweshwa kwa kukosa fedha. Baada ya wiki tatu rafu ya sukari nayo iko tupu. Jay Forrester wa chuo cha MIT nchini Marekani alilichunguza jambo hili miaka ya 1950 na 1960, akaonyesha jinsi badiliko dogo la mauzo dukani linavyokuwa wimbi kubwa kadiri linavyorudi nyuma kwa msambazaji na kiwandani, hasa pale habari na mali zinapochelewa. Kwetu ucheleweshaji huo uko katika kila hatua, kwa hiyo mawimbi yetu ni makubwa zaidi. Rafu tupu na depo iliyojaa si makosa mawili yanayopingana. Ni kosa moja linaloonekana katika wiki mbili tofauti.

Sasa utaniambia: Mama, katoni 403 ni fedha nyingi. Ni kweli, na ndiyo maana kazi yako halisi si kuzinunua bali ni kuupunguza ule mtawanyiko wa siku 6. Ukifaulu kuushusha hadi siku 3, wastani ukibaki uleule wa siku 20, hesabu inakuwa 1,600 mara 9, yaani 14,400, pamoja na 2,000. Kipeuo ni 128, na akiba inashuka hadi katoni 211. Umezirudisha katoni 192. Katoni moja ikiwa dola 22, hizo ni zaidi ya dola 4,200 kwa bidhaa moja tu, na hukumwomba msambazaji punguzo lolote wala hukuharakisha lori hata kwa siku moja. Umelifanya litabirike tu.

Utaanzia wapi? Anzia kwenye tarehe. Kwa kila shehena andika tarehe tano: siku ya kuagiza, siku ya kupakia, siku ya kufika upande wa Zambia, siku ya kutoka Kasumbalesa, siku ya kupokelewa depo. Usikubali neno «ilichelewa» katika ripoti yoyote. Neno hilo halina siku ndani yake. Baada ya shehena kumi na mbili au kumi na tano utaona ni kipande gani cha safari kinachotawanyika. Mara nyingi watu wanadhani ni barabara, na mara nyingi inagundulika kuwa ni karatasi: tamko la uagizaji ambalo benki haijalithibitisha, fomu ya OGEFREM, ofisi ya serikali inayosimamia mizigo, iliyoombwa lori likiwa tayari limeondoka, ankara isiyolingana na orodha ya vifurushi, au bidhaa moja ambayo DGDA, mamlaka ya forodha, na wakala wako wa forodha hawakubaliani juu ya kifungu chake cha ushuru. Hilo la mwisho ni hatari sana kwa lori lililochanganya mali. Katoni 30 za kitu chenye ubishi zinaweza kuzuia katoni 900 za mafuta ambayo hayana ubishi wowote. Mali inayouzwa kila siku isipakiwe pamoja na mali yenye maswali. Gharama ya kuitenganisha ni ndogo kuliko gharama ya kuingoja.

Mkubaliane na wakala wa forodha kwamba jalada lote liwe mikononi mwake siku ile lori linapoondoka kwa msambazaji, si siku linapofika mpakani. Hii si huduma ya ziada ya kuombwa kwa upole. Iandike katika mkataba wake, na umlipe vizuri anapoitimiza.

Liko pia suala la depo iliyojaa. Sina shaka kwamba ukiihesabu leo utakuta nafasi kubwa imechukuliwa na bidhaa zinazoleta sehemu ndogo ya mauzo. Zipange bidhaa zote kwa thamani ya mauzo ya miezi sita. Zile chache za juu, kama mafuta, sukari, unga, sabuni na maziwa ya unga, zihesabu kila wiki kwa macho yako, na ufanye hesabu ya njia kwa kila moja. Zile za katikati, kuzihesabu mara moja kwa mwezi kunatosha. Zile za chini, zisizouzwa hata katoni moja kwa mwezi, peleka orodha yake kwa mwenye duka ukiwa umeandika thamani ya kila moja kwa dola, na umwombe ruhusa ya kuziuza kwa bei ya chini. Wenye maduka wengi husita hapo. Hawapendi kuuza chini ya bei waliyonunulia. Mweleze kwamba fedha hizo zimekwisha kutumika, na kinachobaki kuamuliwa ni kama nafasi ya depo na mtaji uliobaki vitaendelea kulala pamoja nazo.

Nenda kwenye mkutano wa Jumatatu na ukurasa mmoja wenye zile tarehe tano, na namba 2,000 na 57,600. Bosi anayekufokea kuhusu rafu ataanza kuuliza habari za Kasumbalesa, na hayo ndiyo mazungumzo mnayopaswa kuwa nayo.

Swali

Jambo Mama. Ninamaliza masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ninavutwa sana na kazi ya ugavi. Baba yangu anasema ni kazi ya wanaume wanaobishana na madereva usiku, na kwamba ni heri nitafute nafasi benki. Nisome nini zaidi, na kazi yenyewe ikoje hasa?

Binti wa Makomeno

Jibu

Binti yangu, mheshimu baba yako, naye hajakosea yote: simu za usiku zipo. Lori likikwama Chirundu saa tano usiku, dereva hatangoja asubuhi ndipo akupigie. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika mezani na kwenye depo, mchana, kwa kalamu na kwa hesabu, na sioni ni hesabu gani kati ya hizo inayomtaka mwanamume.

Siku ya kawaida ya meneja wa ugavi wa duka kubwa huanza na mauzo ya jana. Anayasoma kwa kila bidhaa muhimu, anayalinganisha na mali iliyobaki, anaona ni wapi siku zilizosalia ni chache kuliko siku za njia. Baadaye anafuatilia shehena zilizo barabarani, anazungumza na msambazaji wa Johannesburg au Ndola, anapitia ankara na idara ya fedha, anakwenda depo kuangalia mali iliyopokelewa na kuona kama idadi kwenye karatasi ndiyo idadi iliyo chini. Mchana anabishana na meneja wa mauzo anayetaka kutangaza bei nafuu ya sabuni mwishoni mwa mwezi bila kumwambia mtu. Hili usilidharau. Katika mji wetu mshahara wa mwisho wa mwezi hubadilisha kabisa sura ya duka, na tangazo lisilotanguliwa na agizo huwafanya wanunuzi waje kwa wingi kuona rafu tupu.

Kuhusu masomo, lugha ni nusu ya kazi. Kifaransa utakihitaji kwa benki, kwa DGDA na kwa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kiswahili kwa depo na kwa madereva. Na Kiingereza, ambacho wahitimu wetu wengi wanakiogopa, kwa wasambazaji wa Zambia na Afrika Kusini. Ukiwa huna Kiingereza, atapatikana mtu wa katikati wa kukusemea, naye atajilipa kutoka katika bei yako. Jifunze Excel kwa undani kabla ya kutamani programu kubwa. Maduka kadhaa hutumia Sage kwa hesabu zao, na ukiielewa vizuri mantiki ya kuingiza na kutoa mali utaizoea programu yoyote utakayokuta. Jifunze pia Incoterms, kanuni za kimataifa zinazosema ni nani kati ya muuzaji na mnunuzi anayebeba gharama na hatari za safari, toleo la 2020, kwa sababu mkataba unaosema EXW na ule unaosema CIF unaweza kuwa na bei zinazofanana machoni na tofauti kubwa mfukoni: katika ule wa kwanza, mzigo wote wa safari na hatari zake ni wako tangu mlango wa ghala la msambazaji, na katika ule wa pili muuzaji hulipia usafiri na bima hadi bandarini. Soma sheria za TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini kwetu ilianza Januari 2012 na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Inalipwa mpakani kabla hujauza hata katoni moja, kwa hiyo ni sehemu ya mpango wako wa fedha.

Vyeti vipo. Taasisi ya CIPS ya Uingereza hutoa vyeti vya ununuzi na ugavi vinavyotambuliwa na waajiri wengi wa kimataifa, na jirani zetu wa Zambia wana taasisi yao ya taaluma hiyo, ZIPS, mjini Lusaka. Lakini cheti peke yake hakitakupa unachokipata ukikaa miezi michache mlangoni mwa depo, ukipokea mali na kuihesabu. Ukipewa nafasi ya mafunzo ya kazi, omba uanzie hapo, si ofisini.

Jambo la mwisho kwa upande wako. Kazi hii huweka mbele ya mtu zawadi nyingi: simu mpya kutoka kwa msambazaji, kreti za soda kwa sherehe ya nyumbani, bahasha ya Krismasi. Amua mapema, kabla hujaajiriwa, kwamba hutazipokea, na umwambie mwajiri wako siku ya kwanza ili wasambazaji wasikie kutoka kwake. Mwanamke anayeanza kazi hii huangaliwa kwa makini zaidi kuliko kaka zake. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, nami nataka ubaki katika kazi hii. Mwonyeshe baba yako barua hii. Akitaka kubishana nami, anwani ya gazeti anayo.

Swali

Jambo Yaya. Ninaagiza unga wa mahindi kwa duka la jumla la Ruashi. Kwa miaka mingi tumetegemea unga wa Zambia, ambao ni mzuri na wanunuzi wanaupenda. Kila wanapofunga uuzaji nje, tunabaki bila kitu, na bei ya bukari (ugali) inapanda katika mji wote. Mshirika wangu anasema tupitishe mali yetu kwa vituo vingine vya mpaka, Sakania au Mokambo, ili tusitegemee Kasumbalesa. Wewe unaonaje?

Msomaji, Ruashi

Jibu

Ndugu yangu, mshirika wako anatafuta mlango wa pili katika ukuta uleule. Agosti 2024, baada ya nchi yetu kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi, Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake na Kongo, na haikufunga Kasumbalesa peke yake: Mokambo na Sakania navyo vilifungwa siku ileile. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, mwezi Februari, rais wa Zambia alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na serikali iliyo na wananchi wenye njaa haitaruhusu mahindi yatoke kwa mlango wowote. Mlango wa pili hukusaidia foleni ikiwa ndefu. Hauwezi kukusaidia nchi ikiamua. Sakania na Mokambo uvitumie kwa sababu hiyo ya kwanza, lakini usiviite akiba yako.

Akiba ya kweli ni chanzo ambacho hakiwezi kufungwa na uamuzi uleule. Kwa unga, chanzo hicho ni mahindi ya mkoa wetu wenyewe wa Haut-Katanga, pamoja na kinu cha hapa mjini. Najua pingamizi: mahindi yetu hayatoshi, hayalingani ubora, yana mchanga, na mkulima aliyeahidi kukuuzia tani kumi anamuuzia mwingine aliyekuja na fedha mkononi. Yote hayo nimeyasikia na mengi ni ya kweli. Hata hivyo, mengi yanatokana na sisi wanunuzi kuwafuata wakulima mwezi wa Januari, wakati Zambia imefunga na kila mtu anatafuta, badala ya kuwafuata Aprili.

Fikiria kalenda. Mahindi hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba hivi, na kuvunwa kuanzia Aprili hadi Juni. Miezi ya mavuno mahindi ni mengi, bei iko chini, na barabara za Kasenga, Kambove na Kipushi zinakauka kadiri wiki zinavyopita. Kuanzia Januari hadi Machi ghala za wakulima ziko tupu, mvua imeharibu barabara, na bei iko juu. Mwenye duka la jumla asiyenunua mahindi wakati wa kiangazi anachagua, bila kujua, kununua katika miezi mibaya kuliko yote.

Kwa hiyo shauri langu ni kwamba uendelee kununua sehemu kubwa ya unga Zambia wakati milango iko wazi, kwa sababu ni mzuri na wanunuzi wako wanautaka, lakini kila mwaka, kati ya Mei na Julai, ununue mahindi ya hapa ya kutosha mauzo ya wiki sita hadi nane, uyahifadhi kama nafaka, si kama unga. Unga hauvumilii miezi mingi. Nafaka kavu huvumilia. Unyevu usizidi asilimia 13, na usiamini meno wala mikono kwa hilo: nunua kipimo cha unyevu, ni kifaa kidogo na bei yake hurudi katika gunia chache. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kupika, na hapo jambo linatoka katika biashara na kuingia katika afya za watoto wa watu. Yaweke magunia juu ya mbao, mbali na kuta, na uyakague kila wiki mbili.

Kuhusu mkulima anayevunja ahadi, mpe sababu ya kuitimiza. Mlipe sehemu mapema kwa njia ya magunia na mbegu, mpimie mahindi yake mbele yake kwa mizani iliyo sahihi, na umlipe siku ileile. Wako wakulima wengi waliopunjwa kwenye mizani kiasi kwamba mnunuzi anayepima kwa haki hukumbukwa msimu unaofuata. Na usimtegemee mmoja. Tafuta vikundi vitatu au vinne katika pande tofauti za mkoa.

Mwenye kinu naye uwe na mkataba naye mapema. Zambia ikifunga, kila mtu mwenye gunia la mahindi atamkimbilia, na umeme ukikatika atasaga kwa jenereta na kukutoza mafuta. Bei hiyo mkubaliane sasa, milango ikiwa wazi.

Swali

Mama, dukani kwetu mtindi na maziwa mala vikipitisha tarehe, meneja hukata mshahara wa muuzaji wa rafu. Je, ni haki?

Msomaji, Katuba

Jibu

Si haki, na pia haisaidii. Muuzaji wa rafu haamui ni katoni ngapi zilizoagizwa, wala hajui zilifika depo zikiwa zimebakiza siku ngapi. Yeye anaweza kuwajibika kwa jambo moja tu: kuweka mbele mali inayokwisha muda mapema, na kuweka nyuma ile ya baadaye, hata kama ya baadaye ndiyo iliyofika kwanza. Akiwa hajafundishwa hivyo, afundishwe. Akikatwa mshahara bila kufundishwa, atakachojifunza ni kuificha katoni iliyopitisha tarehe, na mnunuzi ataipeleka nyumbani.

Mengine ni ya meneja wa ugavi. Mpokeaji wa depo awe na amri ya kukataa mtindi uliofika ukiwa umepoteza zaidi ya theluthi moja ya maisha yake, na kiwango hicho kiandikwe katika mkataba wa msambazaji ili dereva asibishane mlangoni. Maagizo yawe madogo na ya mara nyingi. Na kila SNEL, shirika la umeme, inapokata umeme, saa ya kukatika na saa ya jenereta kuwaka ziandikwe kando ya majokofu, pamoja na joto lililosomwa. Mtindi uliokaa bila baridi usiku kucha hauponi kwa sababu jokofu limewaka tena asubuhi. Utolewe rafuni siku hiyohiyo, na hasara yake iandikwe pamoja na gharama za umeme, mahali ambapo mwenye duka ataiona anapoamua kama anunue jenereta nyingine.